Maana ya p, f, cresc. na rall. kwenye karatasi za kwaya

Ndugu uliyeuliza maana ya herufi hizo zilizoandikwa juu ya nota za kwaya yenu, nami nilizikuta nilipojiunga na kwaya ya parokia upande wa besi, na zilinichanganya kwa sababu ambayo sikuitarajia.

Herufi p ni piano, neno la Kiitaliano linalotaka sauti ndogo, na f ni forte, yaani kwa nguvu. Ala ya piano nayo ilipata jina lake humo: Bartolomeo Cristofori wa Florence aliiunda karibu na mwaka 1700, ikaja kuitwa pianoforte kwa kuwa mpigaji aliweza kutoa sauti ndogo au kubwa kadiri alivyobonyeza.

Ugumu umo katika Kiswahili chetu. Mwalimu alipofika kwenye p alituambia, "Hapa polepole." Alikusudia ukubwa wa sauti, lakini sisi tulipunguza mwendo, na mpiga kinanda akatuacha nyuma mapigo mawili. Safari nyingine alisema, "Shusheni sauti," nasi besi tukashusha kwelikweli: badala ya kuishikilia so ileile kwa sauti ndogo, tuliteleza kuelekea fa, tukawavuta na wenzetu wa sauti ya tatu. "Polepole" hubeba mwendo na upole wa sauti kwa pamoja. "Kushusha" nako ni kwa nota na kwa ukubwa wa sauti.

Kwa hiyo p, f, cresc. (kukuza sauti kidogokidogo) na dim. (kuipunguza vivyo hivyo) hazigusi mwendo hata kidogo. Mwendo una maneno yake: rall. ni kuupunguza taratibu, a tempo ni kuurudia wa awali, na andante, lililotokana na kitenzi cha kwenda, ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

D.C. al Fine hukurudisha mwanzo ukaimbe hadi palipoandikwa Fine, yaani mwisho. Ama "Doh ni G" kwenye karatasi za sol-fa (zile zinazoandika nota kwa herufi za do, re, mi), hiyo hutaja mahali do ilipowekwa, yaani kwenye nota ya G. Ndiyo maana wimbo ukihamishiwa F (nota iliyo chini kidogo ya G) kwa ajili ya soprano waliochoka (na huchoka kila Jumapili ya Pasaka), hakuna herufi ya kufutwa isipokuwa hiyo G.

Mimi hadi leo huandika kwa penseli kando ya kila p: "mwendo uleule, nota ileile".