Askari wa kike, uhamisho na kliniki ya uzazi: jibu kwa aliyeuliza akiwa Tanga

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mpaka mwisho. Umeeleza kwamba uko kikosini mkoani Tanga, kwamba kozi imekaribia na baada yake huenda ukapangwa katika ulinzi wa amani nje ya nchi, na kwamba mchumba wako naye ni askari. Umeuliza kama unaweza kupata uzazi wa mpango kwenye kituo cha uraiani bila habari kufika kikosini, njia ipi inamfaa mtu asiyejua mwezi ujao atalala wapi, na kama ni kweli kwamba jeshi la Marekani huwalipia askari wake nauli ya kwenda kutoa mimba. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga katika kliniki ya mama na mtoto hapa Tanga mjini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na miongoni mwa niliowahudumia walikuwemo askari, vijana wa JKT waliotoka Maramba na Mgambo, na wake za askari. Ninajibu nikiwa upande wa kliniki, si upande wa kambi.

Kuhusu siri, vituo vya serikali hutoa uzazi wa mpango bila malipo, na hakuna anayepaswa kukudai kibali cha mume wala cha mwajiri. Jina lako litaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya taarifa za wateja ya kituo, pamoja na umri, mahali unapoishi na njia uliyochagua, lakini kinachopanda kwenda wilayani ni hesabu ya wateja, si majina yao. Kwa jinsi nilivyoona, siri za askari huvujia kwenye benchi la kusubiria, kwa kuwa katika zahanati ya kambini anayekupima presha ni jirani yako wa kota na aliyekaa nyuma yako ni mke wa sajini wako. Ndiyo maana wengi walivuka kuja kwetu wamevaa dera na mtandio, viatu tu ndivyo vilivyowasema. Sikuwahi kuwalaumu. Hata hivyo nawaomba wote jambo moja: bosi wako hana haja ya kujua, lakini daktari anayekutibu anapaswa kuambiwa. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, kwa mfano, dawa hizo hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na ya vipandikizi, yaani vijiti vya homoni vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, na daktari asiyejua kwamba una kijiti mkononi hawezi kukutahadharisha.

Kuhusu njia, ninachosisitiza kwa askari ni kwamba achague kwa kuangalia ratiba ya kazi yake kabla ya kuangalia shoga yake anatumia nini. Sindano ya miezi mitatu hupendwa kwa sababu haionekani, lakini inamtaka mtu awe karibu na kituo kila baada ya wiki 12 au 13, na mafunzo ya porini hayasubiri tarehe ya kadi. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaelezwi: baada ya kuiacha sindano, uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kwa miezi mingi, mara nyingi kati ya tisa na kumi tangu sindano ya mwisho, kwa hiyo anayepanga kuzaa mara tu amalizapo kozi ahesabu mapema. Vidonge vinahitaji saa ileile kila siku. Mtu wa lindo la usiku, ambaye leo analala mchana na kesho usiku, huvisahau bila uzembe wowote, na ninapomwona askari wa zamu akivichagua huwa namuuliza mara mbili.

Kwa anayehamahama, mimi huanza kumweleza kipandikizi na kitanzi, ambacho huwekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Kipandikizi chenye kijiti kimoja hudumu miaka 3 na chenye vijiti viwili miaka 5. Kitanzi cha shaba hudumu miaka 10 au zaidi, nacho hakina homoni. Kipandikizi huwekwa upande wa ndani wa mkono wa juu, ule usioutumia sana: unachomwa ganzi, unasikia kusukumwa kidogo chini ya ngozi, kisha unafungwa bandeji, na kazi yote ni ya dakika chache. Askari huniuliza kama kitavunjika akipiga pushapu au kitahama akibeba bunduki. Kikiwa kimewekwa vizuri hukaa pale pale, lakini mpe mkono wako siku chache za kupumzika mpaka kidonda kifunge, kwa maana hiyo usiende kukiweka jioni ya kuamkia zoezi. Usikubali pia kitolewe na mtu ambaye hakufundishwa, hata akiwa rafiki yako mwenye mkono mwepesi.

Sababu kubwa ya kukuhimiza uanze sasa ni damu. Katika miezi ya mwanzo kipandikizi kinaweza kuleta damu isiyo na mpangilio, na kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza wingi wa hedhi na maumivu ya tumbo. Nyumbani hilo linavumilika, lakini kwenye hema ambako maji ni ya kupimiwa na choo ni cha kupanga foleni ni mateso, na anayeteseka huishia kuitoa njia kwa hasira. Ukiiweka miezi miwili au mitatu kabla ya safari utakuwa umeshaujua mwili wako, na kama hupatani nayo utakuwa bado karibu na aliyekuwekea. Piga picha kadi yako pande zote mbili uihifadhi kwenye simu, maana kadi za karatasi hupotea kwenye kila uhamisho na mkunga wa kituo kipya hulazimika kukisia.

Hukuuliza habari za mimba yenyewe, lakini siwezi kuipita, kwa sababu hapo ndipo nilipoona hatari kubwa kuliko zote. Askari wa kike huificha mimba kwa kuogopa kukosa kozi. Alikuja koplo mmoja, miezi sita imeshapita, tumbo amelibana kwa kanga chini ya kombati, analalamika kichwa na macho kuona ukungu. Presha ilikuwa juu sana na mkojo ulikuwa na protini, akapelekwa hospitali ya rufaa mchana uleule na akajifungua kabla ya wakati. Mama na mtoto walipona, na ninamshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Lakini angefika kabla ya wiki ya 12, kama inavyotakiwa, angepimwa presha, wingi wa damu, kaswende na virusi vya Ukimwi, angeanza dawa za kuongeza damu, na baadaye angepata dozi za SP za kumkinga na malaria, ugonjwa ambao pwani hii hautanii na mjamzito.

Katika mada kama hii watu hutaja haraka likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja. Siku hizo zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na sheria hiyo yenyewe imewatoa askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT, ambao huongozwa na kanuni zao. Siku zako kaziulize kwenye utawala wa kikosi chako, uonyeshwe maandishi. Lakini sheria hiyohiyo imekibakiza kwa majeshi kifungu cha 7 kinachokataza ubaguzi kazini, na miongoni mwa sababu zilizotajwa humo ni ujauzito. Kifungu hicho kijue kwa namba.

Ikitokea ajali, kondomu ikapasuka au mtu akalazimishwa, kidonge cha dharura hufanya kazi vizuri ndani ya saa 72 na kinaweza kutumika mpaka siku ya tano, na kadiri kinavyowahi ndivyo kinavyosaidia zaidi. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72 na huendelea kwa siku 28. Aliyebakwa asizungushwe: PF3, ile fomu ya polisi, ni ya ushahidi na ina umuhimu wake, lakini matibabu hayapaswi kuisubiri, awe amebakwa na raia au na mwenye cheo.

Sasa la Marekani. Ni kweli kwa kipindi fulani. Baada ya Mahakama ya Juu ya nchi ile kuondoa ulinzi wa kikatiba wa utoaji mimba mwezi Juni 2022, Waziri wa Ulinzi Lloyd Austin alitangaza utaratibu ulioanza kutumika mwaka 2023, ambao ulimpa askari ruhusa ya hadi siku 21 pamoja na nauli na malazi ili afuate huduma katika jimbo lililoiruhusu. Gharama ya utoaji mimba haikulipwa na jeshi, kwani sheria yao inakataza isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini, au mimba ikitokana na ubakaji au kujamiiana kwa maharimu. Seneta Tommy Tuberville aliupinga utaratibu huo kwa kuzuia mamia ya maofisa kupandishwa vyeo kwa miezi mingi ya mwaka 2023, na mwezi Januari 2025 utaratibu wa nauli ulifutwa. Kwetu utoaji mimba ni kosa la jinai isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama. Lakini aliyeharibikiwa na mimba, kwa namna yoyote iliyotokea, ana haki ya kutibiwa katika kituo cha afya, na anayevuja damu asibaki kota akiogopa maswali.

Lililobaki ni mchumba wako. Kijiti hakizuii kaswende, kisonono wala VVU, na ninyi wawili mtaishi vituo tofauti. Nendeni pamoja mkapimwe kabla ya kozi, asubuhi na mapema foleni ikiwa bado fupi, na yeye aingie nawe chumbani kwa mkunga badala ya kukusubiri nje chini ya mwarobaini, ili akusikie unapouliza na yeye aulize ya kwake.