Mama anaamini kila ujumbe wa kisukari

SWALI: Sista, habari. Mama ana kisukari. Kundi letu la WhatsApp la ukoo humletea tiba mpya kila mara. Juzi aliacha metformin, dawa yake ya kisukari, akanywa maji ya mwarobaini. Nikimkataza, ananuna. Nasikia kuna michezo ya kufundisha watu kutambua uongo kama huu. Inasaidia kweli?
Msomaji, Kayole

JIBU: Kwanza mpeleke kliniki apimwe sukari, leo hii. Hilo halingoji mchezo.

Michezo inasaidia, dada. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Cambridge kilishiriki kutoa Go Viral!, mchezo wa dakika 5 hivi kuhusu uvumi wa Covid-19. Mchezaji ndiye anakuwa mzushi: anatia watu hofu, anabuni daktari bandia, anadai kuna njama. Ukishazitumia hila hizo mwenyewe, unazitambua zikikujia.

Nyumbani karatasi zinatosha. Mama atunge tangazo la uongo la dawa ya kikohozi, wajukuu wataje hila alizotumia. Msianze na mwarobaini wake, maana atajitetea tu. Napenda mzee awe mtunzi. Heshima yake inabaki, na wazee wetu wanajua kutunga! Ujumbe mwingine ukija, muulize kwa upole: daktari huyu yuko hospitali gani, na anauza nini?