"Kufanya wanafunzi": mmewafanya nini?

Swali: Mimi ni katibu wa usharika huku Muheza. Tunachapisha bango la semina, na wazee wa kanisa wamegawanyika: wengine wanataka "Semina ya Uanafunzi", wengine "Semina ya Ufuasi". Chini yake tutaandika: "Kanisa la kufanya wanafunzi wanaofanya wanafunzi." Lipi sahihi?

Jibu: Yote mawili ni Kiswahili. Mfuasi katoka kwenye kufuata; mwanafunzi kwenye kufunza, ukoo mmoja na fundi. Ila mfuasi siku hizi ni wa chama, au wa mtandaoni, abonyezaye akasahau. Mwanafunzi, kwa masikio ya Pwani, si mtoto wa shule peke yake: hata seremala wa Ngamiani, mjini Tanga, ana mwanafunzi wake, anayeshika randa huku akiutazama mkono wa fundi. Kura yangu ni Uanafunzi. Na liandikwe hivyo, kama uanachama. "Unafunzi" tumeuona vya kutosha.

Sasa huo mstari wa chini, ambao hamkuuliza.

Kwa Kiswahili mtu hufanya kazi, hufanya biashara, hufanya fujo. Mtu hafanywi kuwa kitu bila kiambishi chake, yaani -m- au -wa- inayomtaja anayefanywa. Katika Yohana 6:15 watu walitaka kumshika Yesu "wamfanye mfalme". Hawakutaka "kufanya mfalme". Neno "kuwa" waweza kulidondosha. -M- na -wa- hapana. Mama wa Muheza akisikia kanisa "limefanya wanafunzi", atauliza kama mzazi yeyote: mmewafanya nini? Nanyi mmelirudia kosa mara mbili ndani ya maneno manne!

Isomeni Mathayo 28:19 yenyewe: "mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, mkiwabatiza". Kiambishi kipo, "kuwa" ipo, na ipo -ki- ya "mkiwabatiza", inayoonyesha kazi inafanywaje. Mstari wa 20 unaongeza kuwafundisha "kuyashika" aliyoamuru. Haukusema kuyajua. Kaulimbiu yenu imekata vyote hivyo, ikabaki shughuli isiyo na mtu wala namna. Ndipo tunapomsikia muumini mwenye cheti cha masomo kumi na mawili akitangaza kwamba "amemaliza uanafunzi". U- hiyo ni ya hali, kama ubaba. Nani kamaliza ubaba?

Mpango nao hulegea vivyo hivyo. Semina ya siku tatu, mwalimu mmoja mbele ya viti mia mbili, ni mhadhara. Mkono wa fundi hauonekani kutoka kiti cha nyuma. Uanafunzi unataka watu wawili watatu, wakutane kila wiki, wasome kifungu kifupi, mistari kumi yatosha. Kila mmoja ataje jambo moja atakalolishika, na wiki inayofuata waanzie hapo kabla ya kufungua kifungu kipya. Panapoharibika ni hapo hapo: kiongozi huruka kuulizana akakimbilia kufundisha, kwa kuwa kufundisha kuna sifa na kuulizana kuna haya. Muuza samaki aliyesoma Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA", aulizwe habari za mizani yake, si kama mstari ameukariri. Na kiongozi naye aulizwe yake, tena wa kwanza, la sivyo wenzake watajifunza kujibu vizuri tu.

Basi andikeni "Semina ya Uanafunzi", na chini: "Tuwafanye watu kuwa wanafunzi wa Yesu." Wazee wa Ufuasi wapeni somo la kwanza, Luka 9:23, "anifuate" imo humo, wataridhika. Na kama bango limeshachapwa, litundikeni, kitambaa ni ghali. Ila lisielekee barabara ya Tanga. Wengine tunapita hapo.