Wadogo zangu, futeni ule mwaliko

Nimeufungua mwaliko wa sherehe ya mtandaoni mlioutuma jana. Ijumaa jioni, muda wa saa mbili na nusu nzima, kamera lazima, chemsha bongo ya maswali 40, na chini kabisa kwa herufi nyekundu: "Mahudhurio yatachukuliwa." Nikacheka, kisha nikaumia, maana niliwahi kuuandika mwaliko huohuo karibu neno kwa neno. Sisemi mmeniibia. Kila anayekabidhiwa kazi ya kuwachangamsha wafanyakazi wa mbali huuzaa upya. Basi kaeni kidogo, kabla hamjatuma ujumbe wa kuwakumbusha watu.

1. Mahudhurio hayapimi kitu.

Mwaka wangu wa pili katika rasilimali watu niliandaa sherehe ya mtandaoni ya kufunga mwaka. Watu 140, nchi sita. Nilikuwa na jedwali la mahudhurio linalojijaza lenyewe, na sikubanduka hapo. Ilipofika dakika ya 30 walikuwa wameingia 131. Nikamwandikia bosi pembeni: "131!" Akanirudishia kidole gumba. Kichwa kikavimba.

Ikaja bahati nasibu. Mkurugenzi mwenyewe aliomba asome majina. Gurudumu likazunguka kwenye skrini, likasimama, akasoma jina la kwanza. Kimya. "Labda amezima maiki," nikasema kwa sauti ya ushereheshaji. Tukangoja. Hata kwenye ujumbe wa pembeni, hakuna neno. Jina la pili, kimya. La tatu, kimya. Kufikia la tano bashasha ilikuwa imemtoka mkurugenzi. Anaita kama mwalimu anayeita majina darasa likiwa limeshatoroka. Mimi nacheka peke yangu, maiki wazi, na kicheko chenyewe hakina mwenzake. Watu walikuwa wameingia, wakaziacha kompyuta zikiongea zenyewe, wakaenda zao.

Jina la sita likaitika. Kijana wa huduma kwa wateja, sauti ya usingizi: "Nipo. Samahani, kama tunaweza kumaliza... huku ni saa tisa usiku."

Nilimwambia mkurugenzi baadaye kwamba sikujua. Nilijua. Saa zao niliziona wakati napanga ratiba, nikasema moyoni watu wawili watatu hawawezi kuwapangia 140. Nilipomwomba msamaha yule kijana alisema hakuna neno, na namna alivyolisema ilikuwa mbaya kuliko kama angenigombeza.

Wiki iliyofuata nikawapigia wale watano. Wanne walinidanganya kwa upole kuhusu intaneti. Wa tano, mama mmoja wa uhasibu asiyejua kuzunguka mbuyu, alisema: "Mwanangu, ulitaka tuwepo. Tulikuwepo."

Siku hizi nahesabu kitu kimoja tu: ni wangapi walisema jambo ambalo hawakuombwa kulisema. Nimekuwa na vikao vya watu 11 nikalala nimeridhika.

2. Saa.

Zungusheni mateso: robo hii wakeshe wa mashariki, robo ijayo waamke alfajiri wa magharibi. Andikeni na saa ya UTC, ile saa moja ya dunia isiyobadilika. Halafu muwe macho mwezi Machi: Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili, Ulaya Jumapili ya mwisho, na katikati hapo kikao chenu cha "saa ileile kila wiki" huhama chenyewe. Nimewahi kukaa saa nzima peke yangu kwenye kikao nikiwasema watu moyoni kwa uchelewaji, kumbe aliyewahi ni mimi.

3. Kamera.

Isiwe lazima. Mtafiti Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mwaka 2021 kwa nini vikao vya video vinachosha: macho mengi yanakukodolea kwa karibu, unajitazama mwenyewe muda wote, umegandishwa kwenye kiti, na akili inahangaika kusoma ishara ambazo ana kwa ana huja zenyewe. Mfundisheni kila mtu kuficha picha yake mwenyewe kwenye skrini yake. Na anayezima kamera msimuulize sababu mbele za watu. Huenda bando linaisha, huenda chumba ni kimoja na wamo watano.

4. Vyumba vidogo.

Mkigawa kikao katika vyumba vidogo vya mtandaoni, kila kimoja watu wanne, wasizidi, na muwape jambo la kubishania. Mkiwaambia "jitambulisheni" watasoma vyeo vyao kisha watanyamaza. Kuna siku niliwagawa watu, intaneti ikanikatikia, nikarudi baada ya dakika 25 nikitetemeka. Wengine walikuwa wanacheka mpaka machozi, chumba kimoja kiligoma kurudi. Mpaka leo huniambia ndiyo hafla bora niliyowahi kuwaandalia.

5. Akaunti.

Akaunti ya bure ya Zoom hukata kikao dakika ya 40. Msisubiri mkurugenzi akatiwe katikati ya "kwa niaba ya bodi" ndipo mjifunze.

6. Muda.

Dakika 45, ndani ya saa za kazi. Sherehe ya Ijumaa jioni ni zamu ya ziada isiyolipwa, iliyovalishwa kofia ya karatasi. Nanyi nawajua: mtaniambia ratiba ya mchana imejaa. Futeni kikao kimoja cha taarifa za maendeleo, hakuna atakayekililia.

Mwaliko wenu bado uko kwenye kalenda yangu. Nimejibu "Labda". Mna hadi kesho mchana.