Injini ya Lister ya mashine ya kusaga: msianze na rangi

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba familia yenu imeikuta injini ya dizeli ya Lister iliyokuwa ikiendesha mashine ya kusaga ya marehemu babu yenu, kwamba imekaa chini ya bati lililotoboka tangu kijiji kilipopata umeme hadi pistoni yake ikaganda, na kwamba mnataka kuipaka rangi, kuiwasha na kuiweka kwenye uwanja wa shule ili watoto waione. Nimefufua injini mbili za aina hiyo, na ya kwanza niliiharibu kwa haraka, kwa hiyo nakusihi usiiguse kwa msasa wala kwa nyundo kwa sasa.

Ile ya kwanza niliipeleka kwa mafundi wanaosafisha vyuma kwa kupuliza mchanga. Ilirudi inang'aa, lakini rangi ya kijani ya kiwandani ilikuwa imekwisha yote, na kwenye tangi la maji ilikuwa imefutika hesabu ya madebe ya mahindi ambayo mwenye mashine aliiandika kwa mkono wake miaka mingi iliyopita. Rangi mpya hupatikana dukani siku yoyote, ila hesabu ile haitarudi tena, na ndiyo iliyokuwa ikieleza kazi ya injini ile kijijini kuliko kibao chochote nilichoweza kuandika baadaye. Isitoshe, mchanga uliingia ndani ukala beringi. Basi pigeni picha kila upande, andikeni kila alama mnayoiona, kisha safisheni kwa dizeli, kitambaa na brashi laini, mkiacha rangi ya zamani popote ilipobaki. Msiisugue ikiwa kavu, kwa kuwa rangi za miaka ile mara nyingi zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu.

Someni pia bamba la shaba. Likiwa linaonyesha 6/1, hiyo ni injini ya silinda moja yenye nguvu ya farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika, aina iliyotengenezwa Dursley, Uingereza, hadi mwaka 1987. India nako zimetengenezwa nakala nyingi zenye sura ileile, hivyo hakikisheni asili yake kabla ya kuwaeleza wanafunzi. Nakala hizo zimenisaidia sana kwa vipuri, ingawa kila kipuri nilikipima kwanza.

Kuhusu pistoni iliyoganda, ambayo naona ndiyo inayowasumbua zaidi, msining'inie kwenye flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, kwa mtalimbo, kwani chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Fungueni kichwa cha silinda, mwageni dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi juu ya pistoni, muwe mnaongeza kila siku. Yangu ya pili ilichukua majuma matatu kabla ya kusogea kwa kugongwa taratibu juu ya kipande cha mbao, na ringi zote zilitoka nzima. Vipande vidogo vyenye kutu nilivitumbukiza kwenye maji ya magadi, nikaunganisha upande hasi wa chaja ya betri ya volti 12 na kipuri, na upande chanya na chuma chakavu cha kawaida. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu hutoa gesi ya hidrojeni, na chuma chakavu kisiwe cha pua, kile kisichoshika kutu, kwani kinaweza kuyatia maji sumu ya kromiamu.

Kila kipuri kilichosafishwa kipakwe grisi siku hiyohiyo. Wajerumani walipoizamisha meli yao ya Goetzen katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, mafundi wake walizipaka injini grisi nzito kwanza. Meli iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kuiwasha ni uamuzi mwingine kabisa, nami kwa uwanja wa shule naupinga. Flaiwili zile mbili hushikiliwa na kabari za chuma, na kabari iliyolegea inaweza kuachia gurudumu zito katikati ya watoto. Katika Makumbusho ya Reli Nairobi, kichwa cha garimoshi namba 5918, Mount Gelai, chenye uzito wa zaidi ya tani 250, huwavuta wageni kikiwa kimesimama bila moto. Yenu nayo inaweza kusimama, mradi iwe na paa, msingi usiotuamisha maji, na uzio ambao mkono wa mtoto haufiki ndani. Mwageni maji yote yaliyobaki kwenye silinda na tangi. Hendeli ya kuwashia ifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu, na mara moja kwa mwezi mtu mzima mmoja atie oili na kuizungusha polepole kwa mkono, ili pistoni isigande tena.