Kwa nini mapambo ya chapa hufifia kwenye ngozi?

SWALI: Ninatengeneza mikanda na pochi kwa mkono hapa Nairobi, na sasa ninajifunza kugonga mapambo kwa chapa za chuma. Ngozi huinunua Kariokor kwa vipande. Mapambo hutokea vizuri ninapogonga ngozi ikiwa imelowa, lakini kufikia asubuhi huwa yamefifia. Safari hii yamezukiwa na madoa meusi yasiyotoka kwa maji. Je, ninunue chapa bora zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, ahirisha kwanza kununua chapa, kwa maana dalili ulizozieleza zinahusu ngozi yenyewe na kiasi cha maji unachoitia.

Ngozi huhifadhi pambo kwa sababu nyuzi zake zenye unyevu hubanwa na chapa, kisha hukauka zikiwa katika hali hiyo ya kubanwa. Jambo hili hufanyika vyema katika ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ya miti, kama vile miwati. Ngozi iliyotengenezwa kwa kemikali ya kromu, ambayo ndiyo inayotumika zaidi katika viatu, mikoba na makochi, hufutuka mithili ya sponji, na hakuna nguvu ya mkono itakayoizuia. Ili kuzitofautisha, kata ukingo kwa wembe na uangalie katikati: ya kromu mara nyingi huonyesha ubuluu wa kijivu hata kama juu imepakwa rangi ya kahawia, ilhali ya magome huwa na rangi ya kahawia au ya mchanga tangu juu hadi chini, na tone la maji huifanya iwe nyeusi kidogo papo hapo. Anayenunua vipande vya mabaki hupata aina zote mbili katika fungu moja, kwa hiyo kila kipande kipimwe peke yake.

Hata hivyo, madoa yako yananipa matumaini. Tanini, yaani ile dawa ya magome iliyomo katika ngozi, ikikutana na chuma penye maji, huzaa rangi nyeusi. Kwa hiyo vipande vilivyopata madoa yaelekea vina tanini, na kufifia kwa mapambo yake huenda kumetokana na maji kupita kiasi. (Nasema yaelekea kwa sababu kuna ngozi ya kromu inayoongezewa dawa ya magome baadaye, wembe ndio utakaoamua.) Doa jipya hupungua ukilipaka maji ya limau yaliyozimuliwa, kisha ukapangusa uso wote kwa maji safi. Kabla ya hapo, ondoa kutu kwenye chapa kwa msasa laini, zikaushe, na usipige tupa karibu na meza ya ngozi, kwa kuwa hata vumbi la chuma lisiloonekana hutosha kuleta madoa.

Sasa maji. Ngozi iliyolowa chepechepe haifai kugongwa: pambo huingia kwa urahisi, nawe hudhani umefaulu, lakini nyuzi zilizojaa maji hurudi nyuma zinapokauka. Panguza ngozi kwa sponji yenye maji safi, sawasawa uso mzima, kisha uifungie usiku kucha katika chombo chenye kifuniko ili unyevu uenee hadi ndani. Mafundi wa zamani walitumia mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu 2017. Ndoo yenye kifuniko hufanya kazi ileile. Asubuhi itoe na usubiri hadi rangi yake ikaribie ile ya ukavu, lakini ukiigusisha shavuni uhisi ubaridi. Wakati wa kugonga, alama iliyofaulu huwa na rangi iliyokolea kuliko sehemu zinazoizunguka. Maji yakichuruzika pembeni mwa chapa, acha na usubiri; alama ikiwa hafifu na isiyokolea, panguza tena kipande kizima, si pale tu unapogonga, la sivyo patabaki mpaka wa maji. Mwezi wa Julai utangoja muda mrefu, ilhali Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu, ngozi inaweza kukukaukia kabla hujafika katikati ya mkanda.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Nyundo iwe ya mbao au plastiki ngumu, maana ya chuma huharibu vichwa vya chapa. Chini weka kipande cha granaiti, ambacho mafundi wa meza za jikoni huwa na mabaki yake, na ukiweke juu ya mguu wa meza ili meza isidunde na kumeza pigo. Chapa isimame wima kabisa. Chapa pana, kama nembo ya sentimita 5, haiendani na nyundo; tumia jeki ya gari iliyofungwa katika fremu ya chuma, kifaa ambacho fundi yeyote wa kuchomelea wa jua kali anaweza kukuundia.

Kwa mkanda, chagua ngozi ya mgongo yenye unene wa milimita 3 hadi 4, kwa sababu ya tumbo hutanuka na kupinda mstari wa mapambo. Ngozi nyembamba ya pochi ibandike utepe wa karatasi upande wa nyuma kabla ya kugonga ili isitanuke. Kugonga hubadilisha vipimo kidogo, kwa hiyo matundu ya kushonea na ya pini yatobolewe baada ya ngozi kukauka kivulini kwa siku nzima, na rangi ifuate hapo.