Waulizwe kwanza rais apatikane vipi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: shirikisho kama Australia, ambalo mkuu wake wa nchi bado ni Mfalme wa Uingereza, liamue vipi kama liwe jamhuri? Sisi wa Dodoma mijadala ya aina hii tumeizoea. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba lilipokaa hapa, ilikuwa ngumu kunywa kahawa bila kufundishwa theluthi mbili za wajumbe wa Bara na theluthi mbili za wajumbe wa Zanzibar.

Tanganyika ilimaliza jambo hili kwa mwaka mmoja. Desemba 9, 1961 tulipata uhuru Malkia Elizabeth II akiwa bado mkuu wa nchi na Richard Turnbull akiwa Gavana Mkuu; Desemba 9, 1962 tukawa jamhuri. Uamuzi ulikuwa wa Bunge. Wananchi walipiga kura ya kumpata rais tu, kati ya Mwalimu Nyerere na Zuberi Mtemvu. Australia haiwezi kufuata njia hiyo, maana ibara ya 128 ya katiba yao inataka kura ya maoni, na mabadiliko yapite kwa wingi wa kura nchi nzima pamoja na wingi katika majimbo yasiyopungua manne kati ya sita.

Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa kikwazo. Mimi nalitetea. Bila hilo New South Wales na Victoria, zenye zaidi ya nusu ya watu wote, zingewaburuza Tasmania watakavyo. Hata Sheria yetu ya Kura ya Maoni ya 2013 inadai zaidi ya nusu Bara na zaidi ya nusu Zanzibar.

Tena katika kura ya maoni ya Australia ya Novemba 6, 1999, si sharti hilo lililoiangusha jamhuri. Karibu asilimia 55 ya wapiga kura walikataa, na majimbo yote sita yakakataa. Pendekezo lilikuwa rais ateuliwe kwa theluthi mbili za Bunge, na Waziri Mkuu aweze kumwondoa. Wapenda jamhuri waliotaka kumchagua rais wenyewe wakaona hiyo ni jamhuri ya wanasiasa, wakapiga Hapana bega kwa bega na watetezi wa Malkia. Muungano wa ajabu, lakini kura ni kura.

Dawa inayotajwa sana ni kuuliza kwanza "Mnataka jamhuri?", kisha aina ya rais baadaye. Siikubali. Ndiyo ikishinda mara ya kwanza na pendekezo likaanguka mara ya pili, nchi itabaki na mfalme ambaye wananchi wamemkataa ila katiba inamtambua. Heri ugomvi wa wapenda jamhuri umalizwe kwanza: namna zote za kumpata rais ziwekwe kwenye karatasi, wananchi wazipange kwa namba 1, 2, 3 kama wanavyowapanga wagombea ubunge, na itakayoshinda ndiyo ishindanishwe na ufalme katika kura moja ya ibara ya 128.

Limebaki la magavana. Kila jimbo lina Gavana wake, anayeteuliwa na Mfalme kwa ushauri wa kiongozi wa serikali ya jimbo. Muswada wa 1999 uliyaachia majimbo yajiamulie baadaye. Hapo ningekaza: kila bunge la jimbo litamke mapema, ili mpiga kura wa Hobart, Tasmania, ajue, kabla hajapewa karatasi, kama Gavana wake ataendelea kuwa wa Mfalme au la.

Msomaji, Dodoma